Kipande cha Tatu

Katika watu wote wanaolima kati ya barabara ya Nyanza-Lac na ziwa, hakuna aliyeyachukia magugu kama mzee Asmani. Wengine huyachukia kwa sababu yanakunywa maji ya vitunguu vyao. Yeye aliyachukia kama mtu anavyomchukia mtu aliyemtukania mama. Ungemkuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anakwenda makaburini kuzika, na bado angeinama kando ya njia kung'oa unyasi mmoja katika shamba lisilo lake, ajifute vidole kwa leso, aendelee na safari yake moyo umetulia. Watoto wa mtaa walimwita Muzee Safi. Alijifanya hasikii, ingawa jina lilimpendeza.

Chuki hiyo ilikuwa na asili yake. Mwaka waliorudi Rumonge kutoka kambini Tanzania, yeye na mkewe Mwasiti na binti yao mmoja tu, Hadjara, aliyezaliwa hukohuko kambini, Asmani alilikuta shamba la baba yake limekuwa pori, na watu wawili wamesimama humo wanabishana nani alichukue, maana halina mwenyewe. Ushahidi wao ulikuwa ni magugu tu. Asmani aliazima jembe kwa Hamissi, rafiki yake waliyerudi naye katika lori moja, akalima siku tisa bila kupumzika. Siku ya kumi wale wawili walipita barabarani wakamwamkia kwa heshima. Tangu hapo, kwake yeye, shamba lenye magugu lilikuwa linatangaza kwamba mwenyewe amekufa au yuko mbali.

Magugu yote aliyaweza isipokuwa ndago. Ndago ni jani jembamba linalong'aa, lenye shina la pembe tatu, na ukilitazama juu juu utasema halina madhara. Mambo yake yako chini. Humo mchangani kuna vijiazi vyeusi, vidogo kama njugu, vimeunganishwa kwa nyuzi kama punje za tasbihi, na kila kimoja kinaweza kuota peke yake. Vikichipua chini ya kitunguu hukitoboa upande hadi upande. Asmani alizipiga ndago kwa jembe miaka kumi na mitano, asubuhi na jioni, na kila mwaka zilirudi nyingi kuliko mwaka uliotangulia. Hakukata tamaa. Alinunua jembe zito zaidi.

Hadjara ndiye aliyemwambia ukweli, na alimwambia wakati anakunywa chai, jambo ambalo si haki kumfanyia mzee. Binti alikuwa amesomea kilimo, akapata kazi ya mkataba katika kituo kimoja cha utafiti, akatumwa nyumbani kwao, kwenye pwani hii ya mchanga, kwa wale wanaolima kiangazi kwa kumwagilia. Ndago zilikuwa zinawafukuza mmoja mmoja.

“Baba,” alisema, “ndago hizi wewe ndiye unazipanda.”

Chai ilimpalia. “Mutoto, miye nazing'oa kila siku. Nazipanda namna gani?”

Hadjara alikwenda shambani, akachimba kwa vidole polepole, akarudi na uzi mrefu wa vijiazi saba, akautandaza juu ya mkeka. “Angalia. Hii ya mwisho ndiyo imeota. Hizi sita zimelala, zinangojea. Ukipiga jembe mu udongo wenye maji, unakata uzi, zote zinaamuka. Jana ilikuwa moja, kesho iko saba.”

Asmani aliutazama ule uzi muda mrefu. Miaka kumi na mitano ilikuwa imelala pale mkekani. Kisha akasema kwamba chai imepoa.

Basi Hadjara akamwomba eneo la juu, karibu na barabara, kwa kuwa sehemu ya chini kabisa ziwa lilikuwa limeimeza lilipopanda, na iliyobaki ilikuwa na mihogo, na hapo juu ndipo ndago zilipokuwa zimeshona. Aligawa vipande vitatu, akavizungushia vigingi vyeupe na kamba nyekundu. Kipande cha kwanza kingelimwa kama walivyozoea wote, jembe na maji. Cha pili hakingemwagiliwa kabisa kiangazi; kingechimbuliwa kikavu, vijiazi viinuliwe juu, jua la Julai na Agosti livikaushe mpaka vife.

“Na cha tatu?” aliuliza Asmani.

“Cha tatu hakiguswi.”

“Hakiguswi mpaka lini?”

“Mpaka nimalize kuhesabu.”

Asmani aligeuka akatazama barabara, umbali wa hatua thelathini, na watu wanaopita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mabasi madogo. “Mu macho ya watu wote hawa?”

“Baba, mugonjwa akikunywa dawa akapona, utajua aje kama ni dawa imemuponya? Labda angepona yeye mwenyewe. Lazima kuwe mwingine mwenye hakunywa. Kipande cha tatu ndiye huyo.”

Hoja aliielewa. Kilichomshinda kuelewa ni kwa nini huyo mgonjwa asiyekunywa dawa alazwe mbele ya nyumba yake.

Jumamosi alasiri wanawake wa vitunguu walikuja kujifunza, wakiongozwa na Kabibi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtumbwini. Hadjara hakuwahutubia. Aliwapa kila mmoja vijiazi viwili, kimoja wakiweke kwenye kitambaa kibichi, kimoja wakianike juu ya bati siku kumi, kisha wavipande vyote katika makopo ya nyanya. Waliporudi na makopo, moja lina jani na moja ni mchanga mtupu, Kabibi aliyashika moja huku na moja huku, akanyamaza, na wenzake walisema hawajawahi kumwona amenyamaza. Wanaume hawakuja hata mara moja. Walisema somo la majani ni la akina mama. Na Asmani, rafiki zake walipomuuliza kuhusu lile pori lake la barabarani, alijibu kwa mkato, “Iko mambo ya mutoto,” kisha akageuza mazungumzo. Hamissi mwenyewe, aliyekuwa akila naye sahani moja, hakuwahi kuambiwa zaidi ya hapo.

Alivumilia miezi mitano. Kisha siku moja akapita mgeni kutoka Kabezi, akasimama kwenye kamba nyekundu, akamuuliza kwa upole kama mwenye shamba hili alishafariki. Kesho yake alfajiri, Hadjara hajaamka, Asmani aliingia kipande cha tatu akang'oa. Hakung'oa nyingi. Alizificha nyuma ya michikichi, akanawa mikono, akaenda kuswali.

Hadjara aligundua siku ya kuhesabu. Alikuwa na fremu ya miti minne, mita moja kila upande. Huilaza chini na kuhesabu kila chipukizi lililo ndani. Alihesabu mara mbili. Alipoinua kichwa hakuuliza.

“Baba, uligusa.”

“Kidogo tu.”

Binti aliketi mchangani, akanyoosha miguu mbele kama mtoto, akalia bila sauti. Asmani hakujua mikono yake aiweke wapi. Angepigiwa kelele angejua la kufanya. Baadaye Hadjara alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akafungua daftari lake, akageuza ukurasa mpya.

“Tunaanza upya,” alisema. Miezi mitano ilikuwa imekwenda na maji.

“Wallahi,” alisema Asmani, “miye sitagusa tena.”

Na hakugusa. Kila mwisho wa mwezi, Hadjara alipoinama na fremu yake, baba alisimama mbali mikono imefungwa mgongoni, ili ionekane wazi kwamba haina kazi. Hadjara alimtazama, akacheka kidogo, akaandika tarakimu zake, kisha akaandika na jambo jingine pembeni. Asmani hakuuliza ni nini. Kwake yeye, mambo ya daftari yalikuwa ya wasomi.

Kiangazi kikapita, kikaja kingine. Kipande cha kwanza, cha jembe na maji, ndago zilipanda kutoka mia na ishirini hadi mia mbili na zaidi ndani ya fremu moja. Cha tatu kilibaki palepale, kinasonga kidogo na kurudi. Cha pili kilishuka: mia na thelathini, sabini, arobaini, kumi na moja. Asmani alianza kupita hapo bila sababu. Alikuwa akichuchumaa kando ya kipande cha pili, anatazama mchanga mtupu, na kifua chake kilijaa fahari asiyoweza kumwambia mtu, kwa kuwa ilibidi kwanza akiri kwamba miaka yote alikuwa anapanda ndago.

Ikabaki hesabu moja. Mchanga mkavu unaweza kudanganya, Hadjara alimweleza. Vijiazi vingine havikufa, vimejikausha tu. Mvua ya kwanza ndiyo itakayosema. Wiki tatu baada ya mvua, kama kipande cha pili hakijaota na cha tatu kimeota, basi ni jua limeua, na kituo kitapeleka somo lile kwa wakulima wote wa pwani, kutoka Kabezi hadi Kabonga.

Homa ilimshika Hadjara Jumatatu, mwisho wa Septemba. Alhamisi alikuwa ameondoka. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Asubuhi ile ya Alhamisi, hospitalini, aliweza kumwambia baba yake mambo mawili: mvua ikinyesha amwite Hyacinthe, mwenzake wa kituoni, na asiguse. Aliposema la pili alitabasamu.

Nisiwachoshe kwa habari za msiba. Aliyezika mtoto anajua, na ambaye hajazika Mungu amwepushie.

Katika mtaa ule mfiwa hashiki jembe mpaka arobaini ipite. Haimo katika kitabu chochote. Ni ada yao tu. Majirani ndio wanaomlimia, wasije wageni wa hitma wakapita katikati ya majani kumfikia. Siku ya saba wakaja wanaume kumi na mmoja, Hamissi mbele. Hamissi ni mvuvi wa mikeke, samaki wa ziwa lile, na usiku ule hakwenda ziwani ili mikono yake iwe na nguvu za kulima. Walianza chini, kwenye mihogo. Asmani alikuwa ameketi mkekani chini ya turubai, tasbihi mkononi, anasikia majembe yakipiga kwa pamoja.

Saa nne Hamissi alipanda, amelowa jasho, akachuchumaa mbele yake akanong'ona.

“Muzee, huku chini tumemaliza. Na hapa juu, penye majani, tulime pia?”

Jibu lilikuwepo. Asmani alilisikia likiwa limekamilika kinywani: hapana, hapo ni pa Hadjara, musiguse. Maneno matano au sita. Lakini wiki nzima alikuwa ameketi hapo akiwatazama wageni wakishuka kutoka barabarani, kutoka Bujumbura, kutoka Nyanza-Lac, na kila mmoja alipofika kwenye zile kamba nyekundu aligeuza kichwa kidogo akatazama lile pori, kisha akamtazama yeye kwa huruma. Shamba lenye magugu linatangaza kwamba mwenyewe amekufa. Na sasa mwenye kipande kile alikuwa amekufa kweli, na Asmani hakuweza kuvumilia shamba limtangazie kila apitaye.

Akainamisha macho. Akasukuma punje moja ya tasbihi, na nyingine.

Hamissi alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kusema neno hata kama koo limekauka. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa, akaondoka taratibu.

Mwasiti alichungulia kutoka ndani, macho yamevimba. “Baba Hadjara, hawa watu wanalima wapi sasa?”

“Huko chini,” alisema Asmani. “Kwenye mihogo.”

Mwasiti akarudi kwa wanawake. Kabibi na wenzake wote walikuwa uani wanapika, na moshi na vilio vya wageni wapya viliwazuia kusikia kitu.

Walifanya kazi nzuri mno, na hilo ndilo lililouma. Walichota maji ziwani wakailowesha ardhi iwe laini. Walilima vipande vyote vitatu, wakavunja madongoa, wakasawazisha kwa reki huku na huku mpaka pakawa tuta moja pana, tambarare kama meza. Walivitoa vigingi vyote, wakaviosha, wakavipanga ukutani kwa urefu. Ile kamba nyekundu mtu mmoja aliiviringisha vizuri ikawa mpira. Hamissi akauweka mpira huo juu ya mkeka, mbele ya Asmani.

“Tumemaliza, muzee. Mukomere,” alisema kumtakia nguvu.

“Murakoze,” alishukuru Asmani.

Mwasiti aliona jioni. Alisimama mlangoni na kigingi mkononi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Nani aliwaambia?”

“Sikuona,” alisema Asmani. “Niliinama, sikuona.”

Uwongo ule ulikuwa mdogo, na kama wadogo wote ulipata pa kulala nyumbani. Siku ya tatu yake, Mwasiti alimkuta Hamissi kwenye bomba la maji, mumewe yuko hatua mbili nyuma, akamwambia mbele ya watu, “Mutoto wangu alikufa mara moja. Wewe ukamuua mara ya pili.” Hamissi alimtazama Asmani. Asmani alitazama ndoo. Hamissi, Mungu amlipe, alisema tu, “Munisamehe, Mama Hadjara. Sikujua,” akachukua dumu lake akaenda. Tangu siku ile Mwasiti hakuitikia salamu yake. Kila Ijumaa Hamissi alileta mikeke miwili amefunga kwa jani la mgomba, akaiacha kizingitini bila kubisha hodi, na kila Ijumaa Mwasiti aliigawa kwa jirani.

Mvua ilinyesha katikati ya Oktoba. Asmani alikaa dirishani akiomba, na ni aibu kusema alichoomba: kwamba ndago, adui yake wa maisha, ziote upande mmoja na zisiote upande mwingine, kana kwamba mchanga unakumbuka. Siku ya nane ziliota. Ziliota kila mahali, sawasawa, kutoka kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho, kama vigingi vingekuwepo. Asubuhi, jua likizipiga, zilikuwa nzuri ajabu.

Hyacinthe alikuja mwanzoni mwa Novemba kwa pikipiki ya kituo, na fremu ya Hadjara ameifunga nyuma. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, asiyeweza kutamka jina la mwenzake bila kusimama kidogo kwanza. Habari ya kulimwa alikwisha kuisikia kwa simu, lakini kusikia ni kitu kimoja. Alisimama kwenye tuta, akatazama, akavua kofia.

“Amahoro, muzee.”

“Amahoro.”

Walipima kwa hatua mahali vipande vilipokuwa. Hyacinthe alilaza fremu, akahesabu, akainua, akalaza tena. Themanini na moja. Mia na kumi na mbili. Mia na saba. Cha pili ndicho kilichozidi vyote. Jembe lilikuwa limeburuta vijiazi vya huku likavipeleka kule na kuvikatakata njiani, kama alivyosema Hadjara juu ya mkeka siku ile ya chai.

Walirudi wakaketi barazani. Hyacinthe aliweka daftari la Hadjara magotini bila kulifungua.

“Sasa inakuwaje?” aliuliza Asmani.

“Mukataba wa kazi hii unaisha Desemba, muzee. Hesabu ya leo ndiyo ilikuwa ya kupeleka mbele. Bila hiyo watasema ni maneno ya shambani tu.” Alisugua jalada kwa kidole gumba. “Wamama wa vitunguu wananiuliza kila siku kama wachimbue kiangazi kinakuja ama waache. Miye siwezi kuwaambia kitu chenye sikupima.”

“Lakini yeye alijua. Iliisha kushuka mpaka kumi na moja.”

“Alijua. Na miye naamini. Lakini kuamini siyo kupima.”

Asmani alisogea karibu. “Andika tisa.”

Hyacinthe aliinua kichwa.

“Kipande cha pili, andika tisa. Cha tatu, andika mia na arobaini. Nani atajua? Yeye mwenyewe alisema haitafika kumi. Iko ukweli, mwanangu, ila tu haikuonekana. Andika, jina lake lisipotee.”

Kijana alifungua kalamu. Tusimlaumu. Alikuwa amefanya kazi na Hadjara miaka mitatu, na yeye pia alitaka liwe kweli. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, ili aone mstari wa kujaza, na mkono wake ukasimama juu ya karatasi. Kisha akaligeuza daftari, akalisukuma taratibu mbele ya mzee.

“Soma hapa pembeni,” alisema. “Anaandikaga kila mara.”

Asmani alisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama alivyofundishwa kambini na binti huyohuyo alipokuwa na miaka minane. Mstari wa kwanza ulikuwa na tarehe, tarakimu tatu, na pembeni, kwa mwandiko mdogo ulioinama: *Baba hakugusa.* Mwezi uliofuata: *Baba hakugusa.* Uliofuata: *Baba hakugusa.* Mara moja alikuwa ameongeza, *mgeni alimcheka, hakugusa.* Mara nyingine, *anaumwa mgongo, alikuja hata hivyo, hakugusa.* Akageuza ukurasa. Mistari kumi na minane. Hakuruka hata mmoja. Kumbe katika kazi ile yote ya kisomi, yenye fremu na tarakimu, neno la baba yake lilikuwa limewekwa kama kipimo.

Asmani aliweka daftari chini. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, barazani, mtu ambaye siku ya kuzika hakutoa chozi mbele ya watu. Hyacinthe alitazama ziwa.

Alipomaliza alijifuta kwa leso, akanyoosha mkono. “Nipe kalamu.”

Hyacinthe alijaza tarakimu tatu za kweli, themanini na moja, mia na kumi na mbili, mia na saba, kisha akampa. Asmani aliandika pembeni kwa herufi kubwa zisizolingana, na ilimchukua muda mrefu. Hyacinthe alisoma, akamtazama.

“Niachie hii kaye mpaka jioni,” alisema Asmani, mkono juu ya daftari.

Kisha akamwita mkewe. Mwasiti alitoka anajifuta mikono unga. Ilikuwa Ijumaa, na mikeke ya Hamissi ilikuwa kizingitini katika jani lake la mgomba. Aliiruka bila kuitazama, akaketi mkekani.

“Hii ni kaye ya Hadjara,” alisema Asmani. “Nataka nikusomee.”

Akaanza kutoka juu. Alisoma tarehe, alisoma tarakimu, akasoma na lile neno la pembeni, “Baba hakugusa.” Alipofika mara ya nne Mwasiti aliweka kiganja mdomoni. Kwenye mgeni aliyecheka, naye alicheka huku machozi yanamshuka, akasema, “Mutoto huyu.” Kwenye mstari wa mgongo alimshika mumewe goti, akauacha mkono hapohapo. Asmani aliendelea, hakuharakisha, mpaka mstari wa kumi na nane, wa mwezi Agosti.

“Imeisha?” aliuliza Mwasiti.

“Iko mumoja.”

Alisoma tarehe ya leo. Alisoma themanini na moja, mia na kumi na mbili, mia na saba. Mkono wa mkewe ulikuwa bado gotini mwake, na alijua kwamba baada ya maneno haya huenda usiwepo tena.

“Hamissi aliuliza,” alisoma. “Baba alinyamaza.”